Mwananchi aruhusiwe kukaa jukwaani Bungeni Dodoma, au runinga inatosha?

Nguzo: Wakuu, naomba tujadili. Kipindi cha maswali kikiisha, Spika anatangaza wageni walioko jukwaani: wageni wa waziri fulani, wa mbunge fulani, wanafunzi wa UDOM waliokuja kujifunza shughuli za Bunge. Mimi nisiye na wa kunitaja, nafasi yangu iko wapi? Naona kitambulisho kitoshe.

MzeeKipara: Runinga inatosha. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, zipo mtandaoni, pakua usome. Mkifunguliwa geti mtajaa na pensi na kandambili. Mjifunze kuvaa kwanza.

BintiChamwino: Kandambili? Mzee wangu, hapo umetukosea. Mama anayelipa kodi kila anaponunua sabuni, akija na kanga yake na kandambili ana kosa gani? Juni 2021 mbunge mzima, mwanamke, alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali. Kama mheshimiwa hakupona, mimi nitapona?

MzeeKipara: Pale pana kanuni. Nyumba ina wenyewe.

BintiChamwino: Wenyewe ni sisi!

Mama Wawili: Mwanangu usirudi nyuma. Niliwahi kufuata nakala ya cheti kwenye ofisi moja ya serikali, nikarudishwa mlangoni kisa blauzi haina mikono. Jua la saa saba, naenda kutafuta mtandio wa kuazima! Hadi leo nikikumbuka koo linakauka.

Nguzo: Jamani, mada ni jukwaa la wageni, si mavazi.

Ngoma Nzito: Halafu runinga ipi hiyo? Mmesahau 2015 walivyotuzimia matangazo ya moja kwa moja?

MzeeKipara: Si 2015. Ilikuwa Januari 2016, Nape Nnauye akiwa waziri wa habari, akasema gharama zinailemea TBC. Msipotoshe watu.

Ngoma Nzito: Sawa, 2016, nimekubali. Lakini wewe ndiye uliyesema runinga inatosha. Siku ikizimwa tena, mwananchi abaki na nini?

Mtu wa Posta: Mnanikumbusha Ukumbi wa Karimjee. Bunge lilipokuwa Dar, mtu wa Kariakoo alifika kwa miguu. Leo tunaingia pale kuaga miili ya viongozi. Natamani watoto wapelekwe waambiwe: hapa ndipo Spika Adam Sapi Mkwawa alipoongoza vikao. Hata Ukumbi wa Msekwa huko Dodoma, wangapi wanajua kwamba Bunge lilikutana humo kabla ya ukumbi wa sasa kufunguliwa 2006? Jengo lisiloingiwa na watu linasahaulika.

MzeeKipara: Enzi za Karimjee watu walivaa suti na tai.

BintiChamwino: Mwalimu mwenyewe tai aliiacha, nani alimrudisha mlangoni?

MzeeKipara: Usimfananishe Mwalimu na mtu wa kandambili.

Mama Wawili: Mzee, hao wa kandambili ndio waliomwunga mkono Mwalimu, tena wengine walikuwa peku kabisa. Futa kauli.

Nguzo: Narudia: viti vingapi vitengwe kwa anayefika bila mwaliko? Hakuna aliyejibu.

BintiChamwino: Ngoja kwanza, Nguzo. Mzee, nijibu moja tu: kanga ni vazi la heshima au si la heshima?

MzeeKipara: La heshima, mama yangu alivaa hilo hilo maisha yake yote. Mimi nimesema kandambili.

BintiChamwino: Basi kandambili naziacha getini, naingia peku na kanga yangu.