Mkopo wa bodi au afanye kazi huku anasoma? Dada yangu amekosa government (nafasi ya kulipiwa chuo na serikali, hapa Uganda)

Kijana_wa_Lubaga:
Wadau habari. Dada yangu mdogo alifanya PCM (fizikia, kemia na hesabu) S6, yaani kidato cha sita, government kaikosa kidogo tu, hata kota ya wilaya (nafasi za serikali zinazogawiwa kwa wilaya) haikumfikia. Sasa kapata civil (uinjinia wa ujenzi) Makerere, private, yaani kujilipia. Mzee anataka kuuza ng'ombe watatu, ila hao watamaliza fizi za semista moja, ya pili tutauza nini? Kuna mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na yeye anasema akae kwenye kibanda cha mobail mani (kutuma na kutoa pesa kwa simu) ajilipie mwenyewe. Nyinyi mlisomaje?

Akiiki77:
Bodi, ndugu yangu. Mimi ni mtoto wa mkopo. Wanalipa tuisheni, fankisheno (ada za huduma za chuo) na risachi, hela inaenda chuo moja kwa moja hata huioni kwa macho, na kurudisha kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Shida iko kwa chakula na kulala, hiyo hawagusi, mi sikujua, nikaja Kampala nachekelea kumbe nakwenda kulala wanne chumba kimoja Kikoni karibu na Makerere, rolex (chapati ya mayai) moja kutwa nzima banange

boda_nateete:
Huyo wa kibanda mwambieni ukweli. Nilikuwa napiga boda usiku, asubuhi niko klasi nasinzia, siku nzuri nabaki na elfu 15 baada ya mafuta na ya mwenye pikipiki. Fanya hesabu, hiyo ni fizi ya injinia kweli? Nikapata ritek (masomo ya kurudia) 3 na ritek nazo zinalipiwa!! Kazi ni ya sabuni na chapati basi.

Mama Zai:
Msimpambie mtoto, mkopo ni deni na kazi zenyewe mnaziona. Ila heri deni la bodi kuliko yule mkopeshaji wa mtaani niliyemwendea mimi mwaka ule, alishika hati ya kiwanja cha marehemu mume wangu kwa riba ya kila mwezi, nimehangaika nayo mpaka binti kagradyueti.

Opio_K:
Swali, mimi nataka SWASA (kozi ya ustawi wa jamii), bodi wananichukua?

Akiiki77:
@Opio_K ngumu, wanaangalia sana sayansi. Masomo ya arts wanawapa wenye ulemavu.

Kijana_wa_Lubaga:
Asanteni sana, Mama Zai pole. Basi tunajaza fomu ya bodi, ng'ombe mmoja auzwe wa hosteli, wawili wabaki. Kuhusu mdhamini, nimtumie mjomba mwalimu au mzee mwenyewe?

boda_nateete:
Mjomba. Mwenye mshahara. Ila mweleze vizuri anachodhamini kabla hajasaini, wangu alikuja kujua baadaye na mpaka leo hapokei simu yangu