Mrejesho: deskitopu au laptopu ya gemu na chuo

Asalaam alaykum, mimi ndo nilouliza nichukue deskitopu au laptopu kwa gemu na chuo, ahsanteni sana jamani. Nimewafuata walosema laptopu, maana umeme unakatika na kila siku napanda daladala kwenda chuo Tunguu. Nimepata ya mtumba sokoni Darajani ina kadi ya picha za gemu RTX 3050 na ramu (memori ya kufanyia kazi) GB 8, nikaongeza nyengine ya 8, hapo ndo gemu ikaacha kukwamakwama. Kwa chuo safi kabisa. Ila betri haikufaa kwa gemu, ukichomoa chaja tu spidi inashuka, na joto lipo, nimeinyanyua nyuma kwa vifuniko vya chupa imepoa kidogo tu. Alonishauri monita ya pembeni Allah akulipe kheri, hiyo naitafutia pesa.