Mali ya umma inaibwa mchana kweupe, kisha mtaa mzima unadai ulikuwa umelala

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Wiki iliyopita, alasiri, vijana wawili waling'oa mfuniko wa chuma wa chemba ya maji taka katika barabara ninayoishi, wakaupakia kwenye mkokoteni na kuondoka nao bila haraka yoyote, huku majirani wasiopungua kumi tukiwatazama. Nakiri kwamba nami sikupiga kelele. Usiku uleule mzee mmoja alitumbukiza mguu humo akavunjika kifundo, na polisi walipokuja kutafuta watu wa kuandikisha maelezo, nilijikuta peke yangu. Jirani aliyekuwa amesimama bega kwa bega nami alidai kwamba wakati huo alikuwa amelala. Mwingine alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Achana nayo, hiyo ni mali ya serikali."

Kauli hiyo ndiyo iliyonichoma. Serikali haina shamba inakovuna mifuniko. Ule ulinunuliwa kwa kodi, ikiwamo ya huyohuyo anayeninong'oneza. Ingeibwa ndoo yake uani, sote tungeamshwa kwa mayowe.

Haki zetu tunazijua kwa moyo, tena ni vema. Lakini Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, tunalolikimbilia kila tunapobanwa, linasema katika ibara ya 29 kwamba kila mtu ana wajibu kwa jamii yake, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unautaja wajibu huo waziwazi katika ibara za 27 hadi 29, ukiwamo wa kulipa kodi na wa kufanya kazi kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Ibara hizo sijawahi kusikia mtu akizitaja kwenye mabishano.

Najua nitakayojibiwa: mbona viongozi nao wanaiba? Wapo wanaoiba, na sina nia ya kuwatetea. Ila afisa aliyekula fedha za umma hatiwi hatiani kwa manung'uniko yetu. Anahitajika karani aliyeiona hati ya malipo ya uongo, au dereva aliyeshusha mifuko 40 ya saruji mahali palipoandikiwa 100, akubali kusimama mahakamani na kusema alichokiona. Karani na dereva hao ni majirani zetu, na wakiitwa, nao watasema walikuwa wamelala.

Hadi leo shimo liko wazi. Mtu fulani amechomeka humo tawi la mti lenye kitambaa chekundu ili kuwatahadharisha wapita njia. Sijui ni nani, lakini anaishi hapa hapa, miongoni mwa wale ambao hawakuona kitu.