Ukoo wa Mkunazini: Safari ya Oman

JUMATATU

Rukia (saa 1:40 usiku): Assalaam alaykum jamaa wote. Ami Seif na Shangazi Zuwena, shikamooni. Ninarudi kwenye suala la safari ya Oman kwa sababu wakala wa tiketi anataka majina kabla ya Ijumaa, na hadi sasa walionijibu ni wale tu wasiokuwa na nia ya kwenda. Naomba kila mtu aseme kama anakwenda, kama anapendelea tufikie hoteli au kwa Shangazi kule Seeb, Maskati, na kama yuko tayari kutoa robo ya nauli mapema. Nimepanga tufike siku chache kabla ya Idi ya Mfungo Tatu, tuzunguke Maskati, tupande Nizwa na mlima wa Jebel Akhdar tukayaone mawaridi yake, tuteremke Sur, halafu turudi.

Salum (saa 1:52 usiku): Mimi ninakwenda, mradi nisikabidhiwe sanduku la mtu yeyote.

Rukia (saa 1:53 usiku): Salum, suala la sanduku lilikwisha.

Nassor (saa 1:55 usiku): Lilikwisha kwa nani?

Khadija (saa 2:20 usiku): Dada Rukia, mimi sijawahi kufika, na nimeipenda ratiba. Ninachotaka kujua ni kama tutapata nafasi ya kukaa na watu wa huko, au tutakuwa tunashuka garini, tunapiga picha, kisha tunapanda tena.

Rukia (saa 2:31 usiku): Khadija, swali zuri. Tutasali katika Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao ukumbi wake una zulia moja la mita 70 kwa 60 lililofumwa kwa mkono. Tutakwenda soko la Mutrah kununua ubani, na Ijumaa alfajiri tutakuwa Nizwa kwenye mnada wa mifugo, ambapo wanunuzi husimama duara na wenye mbuzi huwazungusha mbele yao huku wakitaja bei, mambo yote yakaisha kabla jua halijawa kali. Huko watu utawaona wengi.

Nassor (saa 2:44 usiku): Kuwaona tutawaona, Rukia, lakini yeye ameuliza habari ya kukaa nao. Safari iliyopita kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikuwemo katika ratiba yako. Tulipokuwa Misfat al Abriyeen, kile kijiji cha nyumba za udongo juu ya Al Hamra, nilimkuta mzee ameinama kwenye mfereji wa falaj akiziba kijia cha maji kwa kitambaa na jiwe ili akifungue kingine. Nikamsalimu, naye akanieleza kwamba maji yale yanatoka mlimani bila mashine yoyote, kwa mteremko tu, na kwamba kila shamba la mitende lina fungu lake linalohesabiwa kwa muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, na mtu aliweza kurithi fungu la maji kama anavyorithi ardhi. Akanikaribisha kahawa na tende. Nikakaa chini. Sikuwa najua kwamba ukitosheka unapaswa kukitikisa kikombe, kwa hiyo mwanawe aliendelea kunijazia, nami niliendelea kunywa kwa adabu.

Salum (saa 2:47 usiku): Ninathibitisha. Nilikuwa chumba kimoja naye, na hakulala hadi Alhamisi.

Nassor (saa 2:50 usiku): Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza jinsi kijiji kinavyomchagua msimamizi wa maji, mara ikapigwa honi ya gari huko juu. Hakukuwa na dharura yoyote. Ratiba ilisema tuwahi ngome ya Bahla. Niliinuka huku mzee angali anazungumza.

Rukia (saa 2:58 usiku): Ngome ya Bahla ndiyo mahali pa kwanza pa Oman kuingizwa katika urithi wa dunia, mwaka 1987, na milango yake hufungwa. Gari lilikuwa la kukodi na lilitakiwa kurudi kwa saa yake. Kila safari lazima awepo mmoja wa kupiga honi, na wengine mkajipatia nafasi ya kunywa kahawa kwa utulivu kwa sababu mmoja wenu hakunywa.

Salum (saa 3:01 usiku): Hilo nalo ni kweli, ingawa honi ilipigwa kana kwamba tumebeba mgonjwa.

JUMANNE

Shangazi Zuwena (saa 12:15 asubuhi): Marahaba, wanangu. Nimesoma yote baada ya sala ya alfajiri. Nyumba ni yenu na vyumba vya juu vimepigwa rangi. Rukia mwanangu, nina mambo mawili ya kukueleza mapema. La kwanza, Mfungo Tatu siku hizi unaangukia wakati wa joto, na hapa Maskati mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo matembezi ya Mutrah yawe baada ya magharibi. La pili, uliwaahidi wenzako mawaridi ya Jebel Akhdar, lakini mawaridi huchumwa kuanzia mwisho wa Machi na huisha katikati ya Mei. Mkifika mtaukuta ubaridi, komamanga mbichi mitini na marashi katika chupa, lakini maua hamtayaona. Gari liwe lenye nguvu katika magurudumu yote manne, kwani polisi wa chini ya mlima hulirudisha lisilokuwa hivyo.

Khadija (saa 12:40 asubuhi): Shikamoo Shangazi. Je, marashi hayo ndiyo haya tunayoyatia kwenye mrashi siku ya maulidi?

Shangazi Zuwena (saa 12:52 asubuhi): Marahaba, mama. Ni ya jamii hiyo, ila ya mlimani yana harufu ya moshi, kwa sababu maua hupikwa katika chungu ndani ya jiko la udongo na mvuke hukusanywa kwenye chombo cha shaba. Anayeyapenda hataki tena mengine. Wapo waliouchukia moshi huo, nami sitawataja.

Salum (saa 1:05 asubuhi): Mimi nilisema tu kwamba yananukia kama mtu aliyekwenda harusini akapitia jikoni.

Shangazi Zuwena (saa 1:30 asubuhi): Kwa kuwa mmeyafungua mambo ya safari iliyopita, na mimi niseme langu, kisha sitalirudia. Siku ya kwanza ya Idi mliwaona wanaume wa mtaa wa shemeji yenu, huko bara, wakitia nyama kwenye shimo la shuwa, ile nyama ya kuokwa ardhini. Nyama ilikuwa imepakwa viungo tangu jana yake, ikafungwa kwa majani na kutiwa katika mifuko ya makuti, na kila nyumba ikaweka alama yake ili mifuko isichanganyike, kwa kuwa shimo ni la mtaa mzima. Likafunikwa na kuzibwa kwa udongo. Shimo hilo hufunguliwa kesho yake au keshokutwa, na kufunguliwa kwake ndiko Idi yenyewe, kwa sababu kila mtu hutoka na mfuko wake, na wenye wageni hulishwa na wote. Ninyi mliondoka asubuhi kwenda Ras al Jinz kuangalia kasa. Jirani alikuja na sinia mbili akauliza wageni wako wapi. Sinia zile zilikaa ukumbini hadi jioni. Na sanduku mnalolizungumza lipo hapa chini ya kitanda, halijafunguliwa.

Nassor (saa 1:33 asubuhi): Lipo?

Rukia (saa 1:41 asubuhi): Shangazi, nisamehe. Nafasi za kuingia ufukweni usiku kuwaangalia kasa zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Salum (saa 1:46 asubuhi): Kasa hutaga mayai hata Misali, Pemba, kwa nauli ya boti. Shimo la shuwa ndilo hatuna.

Rukia (saa 4:10 asubuhi): Tuendelee. Bado sijapata jibu la hoteli au nyumbani. Ninaona wengi mnasoma.

Ami Seif (saa 10:20 jioni): Nimesomewa maneno yenu. Nilipokuwa mtoto, majahazi ya Sur yalikuja Unguja kwa upepo wa kaskazi, yameleta makanda ya tende na papa wa chumvi, na yaliondoka kwa kusi yakiwa yamepakia boriti. Baina ya pepo hizo mbili mabaharia walikuwa wageni wetu. Walikula kwetu, waliuguzwa kwetu, na wengine walioa kwetu. Hapana aliyewauliza wataondoka lini. Zuwena alipokwenda Maskati baada ya mwaka 1970, pamoja na wengi walioitika wito wa Sultani Qaboos, hakumjua mtu. Aliyemfungulia mlango ni mama yake huyo jirani wa sinia mbili, na alimfungulia kwa sababu baba yake aliwahi kulala Mkunazini, katika chumba ambacho Rukia amekulia. Basi neno langu ni hili. Atakayekwenda kwa jina la nyumba hii hataondoka kabla shimo halijafunguliwa. Asiyeweza, na afikie hoteli, wala asimjulishe Zuwena kuwa amefika.

(Hakuna ujumbe hadi usiku.)

Rukia (saa 2:05 usiku): Nimekusikia, Ami. Habari za chumba sikuwa nazijua. Nimeibadilisha ratiba: tutafikia kwa Shangazi, na shuwa nimeiweka siku ya tatu ya Idi, kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana.

Salum (saa 2:08 usiku): Nyama ijulishwe iwahi.

Shangazi Zuwena (saa 2:30 usiku): Rukia, acha siku mbili wazi. Kama zitabaki siku, Jumatano nitawachukua wanawake kwenye soko la Ibra, ambalo siku hiyo ni letu peke yetu, wauzaji na wanunuzi, na huko utasikia Kiswahili kwa vikongwe ambao hukuwadhania. Nassor na Salum waende Sur wakalitazame jahazi la Fatah al Khair, lililorudishwa kutoka Yemen mwaka 1993, wampigie picha Ami.

JUMATANO

Mwanaidi (saa 7:15 usiku): Poleni kwa kuchelewa, huku Leicester nilikuwa zamu. Kuhusu hoteli, mimi napendelea iwe na bwawa la kuogelea.

Salum (saa 7:16 usiku): Mwanaidi, panda juu usome.

Mwanaidi (saa 7:40 usiku): Nimesoma. Ami, shikamoo, na nifute hilo la bwawa. Nitakwenda kwa Shangazi nikipewa likizo, ambayo sijaiomba kwa sababu sijui Idi itakuwa siku gani. Oman huuangalia mwezi wake wenyewe, na mwaka mwingine wamesali siku tofauti na jirani zao. Tukikata tiketi sasa, siku ya kurudi tutaijuaje?

Nassor (saa 1:20 asubuhi): Nami ninauliza hivyo hivyo. Mwezi ukiandama siku moja baadaye, shimo litafunguliwa sisi tukiwa uwanja wa ndege, na neno la Ami tumelisikia.

Ami Seif (saa 3:00 asubuhi): Mmelisikia vizuri.

Rukia (saa 5:25 asubuhi): Nimempigia wakala. Anasema tarehe ya kurudi inaweza kusogezwa kwa malipo ya ziada, lakini kiasi hakukitaja. Hadi sasa ninao Khadija na Salum kwa hakika, Nassor kwa masharti, na Mwanaidi akipata likizo. Gari la mlimani halijapata mlipaji, na mbuzi wa kuchangia shimo la mtaa tutamnunua Nizwa au tutampa Shangazi fedha, hilo nalo halijaamuliwa. Nitampigia wakala tena kesho saa 3 asubuhi. Anayetaka jina lake liwemo aniandikie kabla ya hapo, na tafadhali aandike hapa hapa mbele ya wote, kwa kuwa nimechoka kujibiwa faragha na watu ambao baadaye husema hawakuulizwa.