Wasomaji wakishabaini siri ya hadithi, mwandishi aibadilishe?

Mleta mada, Ipagala

Habari za jioni, wakuu. Naleta hoja iliyotugawa sisi wasomaji tunaokutana jioni za Jumamosi pale Nyerere Square, hapa Dodoma. Tunasoma mfululizo wa George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, vitabu vilivyozaa tamthilia ya Game of Thrones. Swali lenyewe: mwandishi akijua kwamba wasomaji wameshaifumbua siri yake kabla hajaitoa, aigeuze hadithi ili awashtukize? Nusu ya wenzangu wanasema ana haki hiyo, na wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema ni wajibu wake. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu.

Kwa ambao hawajavisoma: vitabu vilivyotoka ni vitano, cha kwanza mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Cha sita na cha saba bado tunavisubiri. Tamthilia ilianza mwaka huohuo wa 2011, ikavipita vitabu, ikamalizika 2019. Kwa hiyo tunayo hadithi iliyomalizwa kwenye televisheni na kuachwa njiani kwenye karatasi, na humo katikati ndimo nadharia za wasomaji zimejaa.

Nichukue nadharia kongwe kuliko zote. Ned Stark, bwana wa Kaskazini, anarudi kutoka vitani na mtoto mchanga, Jon Snow, akisema ni mwanawe wa nje ya ndoa. Mama wa mtoto hamtaji hata kwa mkewe. Lakini katika kitabu hichohicho cha kwanza Ned anaandamwa na kumbukumbu ya dada yake Lyanna, akifa kitandani ndani ya damu na kumtaka kaka yake ampe ahadi. Ahadi gani? Hatuambiwi. Tunaambiwa kwamba nje ya mnara alimokuwa Lyanna walisimama walinzi watatu wa mfalme, na kwamba walikubali kufa kuliko kumpisha Ned. Sasa hesabu mwenyewe. Mfalme alikuwa ameshauawa. Mwanawe, Mwanamfalme Rhaegar, aliyesemekana kumteka Lyanna, alikuwa ameshauawa. Viserys, mtoto wa mfalme aliyebaki, alikuwa Dragonstone ng'ambo ya bahari. Walinzi ambao kiapo chao ni kumlinda mfalme walikuwa wanamlinda nani kwenye mnara wa milimani?

Miaka michache tu baada ya 1996 wasomaji walikuwa wameshajibu: mle ndani kulikuwa na kichanga cha Lyanna na Rhaegar, na kichanga hicho ndicho Jon. Watayarishaji wawili wa tamthilia walipomwendea Martin kuomba vitabu, aliwauliza mama yake Jon ni nani. Walipatia, kwa kusoma tu. Televisheni ikalithibitisha jambo hilo mwaka 2016.

Sasa tuseme Martin angeshtuka, akaamua Jon awe mtoto wa mtu mwingine. Ule mnara ungebaki umesimama pale bila sababu. Ahadi ya Lyanna ingekuwa maneno matupu. Msomaji aliyesoma kwa makini ndiye angeadhibiwa, na aliyepitisha macho juujuu ndiye angeshangilia. Martin mwenyewe amewahi kulisema hili hadharani, kule Edinburgh mwaka 2014: kwamba wapo wasomaji wachache waliofumbua fumbo, na kwamba hawezi kugeuza mwisho kwa kuwa dalili zake zimeshapandwa ndani ya vitabu vilivyochapwa. Nakubaliana naye moja kwa moja.

Nawasilisha. Karibuni.

Mchangiaji, Makulu

Dada, mimi ndiye wa upande wa pili na najitokeza. Hadithi ni mshtuko. Ned alipokatwa kichwa kitabu cha kwanza, niliweka kitabu chini nikashindwa kula. Harusi Nyekundu ya kitabu cha tatu, anapouawa Robb mwana wa Ned, ndiyo usiseme. Lakini siri ya Jon ilipofichuliwa 2016, bwenini kwetu watu walisema "tulijua" wakaendelea na mambo yao. Mwandishi ni msanii. Ukishaotea ngumi yake inatoka wapi, lazima abadilishe mkono. Asipobadilisha, miaka yote hii tunasubiri nini?

Mleta mada, Ipagala

Nashukuru umeitaja Harusi Nyekundu, maana ndiyo inayonisaidia. Rudi kitabu cha pili, pale Daenerys, binti wa yule mfalme aliyeuawa, anapoingia kwenye ile nyumba ya wachawi kule Qarth. Anaona karamu ya maiti, na kwenye kiti cha enzi ameketi maiti mwenye kichwa cha mbwamwitu, nembo ya ukoo wa Stark. Rudi tena kwenye safari yenyewe ya kwenda harusini: mbwamwitu wa Robb anawabwekea na kuwatishia watu wa Frey, wenyeji wa harusi, tangu mlangoni, na wanamfungia nje. Mauaji yale yalitangazwa kitabu kizima kabla hayajatokea. Uliumia kwa sababu ulipogeuka nyuma ulikuta kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yako. Mshtuko usio na dalili ni ajali tu, na ajali mtu yeyote anaweza kuiandika.

Halafu hili la kwamba ukijua mwisho utamu umekwisha. Fumo Liyongo unamjua. Tena hata kabla hujausoma utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ulishajua kwamba chuma hakimwingii, kwamba siri yake ni sindano ya shaba kitovuni, na kwamba atakayemchoma ni mtoto wake wa kumzaa. Je, kuna aliyefunga kitabu kwa sababu anajua? Tunasikiliza kwa roho juujuu jinsi mtoto anavyomuuliza baba yake swali lile, na baba anavyojua anachoulizwa na bado anajibu. Na kumbuka alivyotoka gerezani: aliimba, walinzi wakasikia wimbo, kijakazi na mama wa Liyongo wakasikia agizo la tupa ndani ya mkate wa wishwa. Sisi tunaosoma nadharia tunataka kusikia kama yule mama.

Mchangiaji, Area C

Nimefundisha fasihi sekondari hadi nilipostaafu. Nawasoma humu na nasikitika. Kijana anakutajia wafalme wa Targaryen, ukoo wa Rhaegar, vizazi hata vizazi, mwulize jina la baba wa babu yake, kimya. Kusadikika ya Shaaban Robert ipo, nchi nzima inayoelea angani, tangu mwaka 1951. Nani anaikalia kikao Nyerere Square? Huu mjadala kwangu ni anasa ya kuazima.

Mleta mada, Ipagala

Shikamoo mwalimu. Kwenye nasaba nakubali una uchungu wa haki, na ni uchungu wangu pia. Lakini kumlaumu Martin kwa hilo naona si sawa. Binti mmoja katika kundi letu alichora ukoo wa Targaryen kwenye daftari ili aweze kufuata nadharia, kisha akamwendea bibi yake Bahi akachora na ukoo wao wa Kigogo. Mkono uliozoea kuuliza nani kamzaa nani hauchagui pa kuuliza.

Kuhusu Kusadikika, naomba nikuulize kwa heshima: shuleni tuliwahi kuruhusiwa kubishania? Tuliambiwa dhamira ni hizi, wahusika ni hawa, falsafa ya mwandishi ni hii, jibu mtihani. Karama anajitetea mahakamani siku baada ya siku, hoja baada ya hoja, na sisi tukakaririshwa majibu. Hakuna mwanafunzi aliyeulizwa: je, wewe ungekuwa kwenye baraza lile, Waziri Majivuno, aliyemshtaki, angekushawishi? Vijana wamekwenda kwa Martin kwa sababu kule wameachiwa nafasi ya kufikiri na kukosea. Mwalimu, ukikubali kuja Jumamosi moja na Kusadikika mkononi na swali moja lisilo na jibu la mtihani, tutakukalia kikao hadi giza liingie.

Mchangiaji, Kondoa

Nimependa. Huku kwetu kuna michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Pana mchoro mmoja wa watu warefu wembamba wamemzunguka mwenzao wa katikati kama wanamvuta. Wapo wanaosema mtu anatekwa. Wapo wanaosema ni ngoma ya uganga. Mchoraji hayupo, hatakuja kutuambia. Nyinyi mna bahati, mchoraji wenu yu hai. Ila hoja yangu ni hii: hata kwa mchoro usio na mwenyewe, anayebishana lazima aoneshe mkono uko wapi, mguu umeelekea wapi. Kuna nadharia humu mitandaoni, eti Varys, mkuu wa majasusi wa mfalme, ni nguva. Mkono wake uko wapi kwenye mwamba?

Mchangiaji, Singida

Lakini tamthilia si imeshaisha? Bran mwana wa Ned kawa mfalme, Daenerys kauawa. Mnabishania nini?

Mleta mada, Ipagala

Ndugu wa Singida, hapo ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wengi wetu tuliiona tamthilia kwenye flashi kabla ya kushika kitabu, tukadhani ni kitu kimoja. Kitabu cha tano, mwaka 2011, kinaleta kijana ambaye kwenye televisheni hayupo kabisa. Anaitwa Young Griff, yuko ndani ya mashua, nywele kazipaka rangi ya buluu. Anasemekana ni Aegon, mtoto wa Rhaegar, ambaye dunia nzima inaamini aliuawa akiwa mchanga. Kama ni kweli, ana haki ya kiti kuliko Daenerys. Ameshavuka bahari na jeshi, ameshateka ngome. Hadithi yenye mtu huyu haiwezi kupita njia ileile na hadithi isiyo naye, hata kama mwishoni zitakutana kwa Bran.

Sasa nadharia: wengi tunaamini si Aegon, bali ni mzao wa Blackfyre, tawi la Targaryen lililoasi na kufukuzwa. Na hapa nakubaliana na ndugu wa Kondoa, nionesheni mkono. Jeshi la kukodiwa lililomfuata, Golden Company, liliasisiwa na wafuasi wa Blackfyre, na wanajivunia kutovunja mkataba. Kwa huyu kijana wamevunja. Illyrio, tajiri anayemsaidia kijana huyu, anamwambia mhusika Tyrion kwamba Blackfyre waliisha kwa upande wa wanaume, na yeyote anayesoma kwa makini anajiuliza, je, upande wa wanawake? Na katika maono yaleyale ya Qarth, Daenerys anaona joka la kitambaa likiyumba juu ya nguzo, umati unashangilia. Joka la kitambaa, si la nyama. Hiyo iliandikwa kitabu cha pili, kijana mwenyewe anatokea cha tano.

Mchangiaji, Mpwapwa

Naongeza tahadhari. Mfululizo wa The Wheel of Time wa Robert Jordan: mhusika Asmodean aliuawa mwishoni mwa kitabu cha tano, 1993, muuaji hakutajwa. Mashabiki wakabishana miaka na miaka. Jordan akafariki 2007, Brandon Sanderson akaumalizia mfululizo. Jibu likatokea 2010, tena ndani ya faharasa ya maneno nyuma ya kitabu cha kumi na tatu. Kuna wakati swali linakua kuliko hadithi yenyewe.

Mleta mada, Ipagala

Ni kweli, na mfano huo unauma. Lakini angalia: jibu halikubadilishwa. Muuaji alikuwa Graendal, na waliokuwa wamemtaja kwa hoja walikuwa wamesoma sawasawa. Kuchelewa kunasameheka. Kugeuza ndiko kusikosameheka.

Ila nisifiche linalonisumbua kuhusu Young Griff. Mwishoni kabisa mwa kitabu cha tano, Varys anamwambia Kevan Lannister, kaimu mtawala ambaye anakata roho, kwamba Aegon yu hai na amelelewa kutawala. Mtu anayekufa unamdanganya ili iweje? Hilo ndilo jiwe kubwa mbele ya nadharia yetu, na bado sijaona mtu akilisogeza.

Mchangiaji, Makulu

Dada, nimerudia sura hiyo usiku huu. Varys na Kevan hawakuwa wawili tu. Wale watoto wa Varys, anaowaita ndege wake, walikuwa wanaingia chumbani na visu. Pengine maneno yale yalikuwa ya masikio yao. Tatizo langu, wanasemekana hawana ndimi. Watamwambia nani?

Mleta mada, Ipagala

Kaka, fungua kitabu cha kwanza, sura ya Arya, binti wa Ned, akiwa amejificha gizani chini ya ngome, anawasikia wanaume wawili wakipanga mambo. Mmoja anaagiza ndege zaidi, hamsini. Mwenzake analalamika kuwapata ni vigumu, wadogo hivyo na wanajua kusoma na kuandika.