Mwalimu wa sauti, programu ya simu au maiki: anayeanza kuimba atangulize kipi?

Mwanagenzi
Wakuu, habarini. Nataka kuboresha sauti yangu ya kuimba, na fedha niliyonayo inatosha kitu kimoja tu kati ya hivi: mwalimu wa ana kwa ana mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, au programu ya simu ya mazoezi ya sauti kwa malipo ya mwaka mzima, au maiki ya kondensa nijirekodi nyumbani na kujifunza kwa kujisikiliza. Programu ina punguzo linaloisha Jumapili. Kipi kitanisaidia zaidi? Natanguliza shukrani.

SautiYaTatu
Mkuu, hapo hujasema kitu. Mwanamume au mwanamke? Umri? Unaimba nini? Na tatizo lenyewe ni lipi: pichi (kufikia noti sahihi), pumzi, sauti kukatika ukipanda, au huipendi tu ukiisikia kwenye rekodi? Hayo ni mambo manne tofauti. La mwisho mara nyingi si tatizo kabisa. Ukiongea, sauti yako inakufikia kwa hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa hukoleza sehemu yake nzito. Rekodi haina mifupa, ndiyo maana kila mtu hujiona ana sauti nyembamba.

FundiMitambo
Maiki iondoe kwenye orodha. Kondensa za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mixer au kadi ya sauti ya nje, kwa hiyo ukiinunua peke yake itakaa kabatini. Na hata ukiwa na hiyo kadi, kondensa inanasa feni, mlango wa jirani na mwangwi wa kuta tupu. Ukishindwa kabisa kujizuia, chukua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme huo, haina makuu.

Kwa kujisikiliza simu inatosha. Iweke mezani, hatua moja kutoka kwako, kidogo pembeni ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Ujue tu kwamba simu nyingi hurekebisha ukubwa wa sauti zenyewe: ukiimba kwa sauti ndogo zinapandisha, ukiimba kwa nguvu zinashusha. Kwa hiyo usiitumie kupima nguvu ya sauti. Pima pichi, matamshi, na mahali unapovuta pumzi.

MamaSolfa
Mwanangu, mbona kwaya haimo? Kwaya haili fedha zako, na itakupa kitu ambacho hivyo vitatu haviwezi: kushika sauti yako wakati mtu wa kushoto anaimba nyingine na wa kulia nyingine tena. Mwanafunzi akikaa sauti ya pili au ya tatu kwa mwaka mmoja, anashika noti ya katikati bila kuburutwa na melodi, masikio yake hayalaghaiwi tena. Na jifunze solfa, ile do-re-mi ya noti. Anayejua kwamba anatoka mi kwenda la hawezi kubahatisha kama anayekariri wimbo kwa kuusikia tu.

KooSalama
Mama, masikio sawa, lakini kwaya ina mtego wake. Ukizungukwa na sauti kubwa unapaza yako bila kujua, kwa sababu hujisikii. Anayeanza, akiwekwa mbele ya bezi wanne (wanaume wa sauti nzito), anakuwa anapiga kelele kwa saa mbili akidhani anaimba. Kama ni kwaya, akae pembeni ya safu, au akunje kiganja nyuma ya sikio moja ajisikie.

MamaSolfa
Hiyo ni kwaya isiyo na mwalimu, KooSalama. Mwalimu anayejua kazi yake huwaambia waimbe chini mpaka kila mmoja amsikie jirani.

Mwanagenzi
Samahani wakuu. Mwanamume, miaka 23. Naimba nyimbo za taratibu za mapenzi, nafuatisha biti za wasanii wenyewe. Matatizo ni mawili. Nikipanda, sauti inakatika inakuwa kama ya mtoto. La pili, nikiimba bila biti watu wanasema niko sawa, nikiweka hedifoni (zangu ni za bluetooth) nikajirekodi, natoka nje ya pichi na napishana na ngoma.

FundiMitambo
Hapo sasa tunaongea. Usichanganye mambo mawili. Kupishana na ngoma ni bluetooth: inachelewesha sauti milisekunde mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi, kutegemea kifaa. Biti unaisikia ikiwa imeshapita. Hedifoni za waya zinamaliza hilo leo hii.

Kutoka nje ya pichi ni kwa sababu umeziba masikio yote mawili na biti iko juu. Mtu asiyejisikia hana cha kurekebisha. Toa hedifoni sikio moja, shusha biti mpaka sauti yako iwe kubwa kuliko ala, halafu rekodi tena. Fanya hivyo kabla hujamlipa mtu yeyote.

Kinanda
Mimi natetea programu. Uzuri wake ni ule mstari wa pichi unaouona ukiimba. Kila nusu toni (hatua ya kutoka noti moja ya kinanda hadi inayofuata) hugawanywa senti mia moja, na programu inakuonyesha uko senti ngapi juu au chini ya noti. Ukiwa ndani ya senti kumi au kumi na tano, msikilizaji wa kawaida hasikii kosa. Ukizidi thelathini, hata mtoto anakunja uso. Kwa anayeanza hiyo ni dhahabu, maana sikio lake bado halijui tofauti kati ya "nimeshuka" na "sauti yangu ni mbaya".

Namna ya kuitumia: imba noti kwanza huku umefumba macho, ndipo uangalie skrini. Anayeimba akikodolea mstari anafundisha macho, sikio linabaki pale pale. Siku simu haipo, amepotea.

SautiYaTatu
Na programu haioni shingo. Inaweza kukupa alama mia kwa noti uliyoipata huku mishipa imekutoka na kidevu kimeinuka kama unachungulia ukuta. Ndiyo maana kwa tatizo lako la kukatika nachagua mwalimu.

Kukatika kwenyewe si ugonjwa. Wanaume wengi sauti ya kifua (ile nzito ya kuongelea) huanza kugoma kati ya re na sol zilizo juu ya do ya katikati ya kinanda, bezi mapema zaidi. Hapo nyuzi za sauti lazima zirefuke na ziwe nyembamba. Ukiendelea kusukuma pumzi kwa uzito ule ule wa chini, zinashikilia, zinashikilia, halafu zinaachia ghafla. Dawa ni kupunguza uzito mapema, noti tatu nne kabla ya pale inapokatika.

Mazoezi mawili ya kuanzia:

Mrija. Glasi ya maji nusu, zamisha ncha ya mrija sentimita 2 hadi 3, funga midomo kuuzunguka, imba "uuu" ukiteleza kutoka chini kwenda juu na kurudi. Mapovu yatoke kwa mwendo mmoja. Maji yakiruka nje ya glasi, unasukuma. Mapovu yakikatika huku pumzi bado unayo, umeibana koo. Bana pua kwa vidole ukiwa unaendelea: sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inavuja puani. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku. Kinachofanya kazi ni shinikizo linalorudi nyuma kutoka kwenye mrija, linafanya nyuzi zikutane kwa upole badala ya kugongana.

Halafu "ng'" ya ng'ombe. Wanafunzi wa lugha nyingine huchukua muda kuipata mwanzoni mwa silabi, sisi tumezaliwa nayo. Ishike bila kufungua irabu, teleza nayo kutoka so ya chini hadi do ya juu ukipita pale panapokatika. Kidole kiguse kikoromeo: kikipanda sana, rudi chini uanze kwa sauti ndogo zaidi. Ikipita bila mkwaruzo, fungua polepole iwe "ng'aaa". Kosa la wengi ni kufungua kwa kishindo. Taya lishuke, nguvu isiongezeke.

Na acha kuimba kwenye ufunguo wa msanii, yaani kimo cha noti anachoimbia yeye. Wengi wanaoimba hizo nyimbo ni tena (tenor), wanaume wa sauti ya juu. Shusha biti nusu toni mbili hadi nne, programu nyingi za bure zinafanya hivyo. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, iimbe mara tano mfululizo kwa irabu yake halisi. Ya tano ikichoka kuliko ya kwanza, shusha tena. Kama irabu hapo ni "i", ielekeze kidogo kwenye "e", itafunguka.

Kinanda
Kushusha ufunguo ni kukwepa. Atapanua lini sauti?

SautiYaTatu
Sauti inapanuliwa kwa mazoezi. Wimbo unaimbwa pale ulipo leo.

KooSalama
Kinanda, hilo la kupanua ndilo linalojaza chumba cha daktari. Nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana ni cha aina inayojirudia.

Kijana wa umri wa mleta mada alifuata video zinazoahidi kuongeza okta (kutoka do hadi do ya juu yake) ndani ya mwezi. Zoezi lilikuwa kupandisha sauti ya kifua nusu toni kila siku, kwa "ee" ya nguvu, bila kupasha sauti kwanza. Koo lilipoanza kuuma, akawa ananyonya pipi za mentoli na kuendelea. Hapo ndipo alipoharibu: mentoli inapoza hisia, maumivu yanapotea, uvimbe unabaki. Dalili ya kwanza haikuwa kukosa noti za juu za nguvu. Hizo aliendelea kuzipata. Kilichopotea ni noti za juu za sauti ndogo. Akiimba polepole juu, ilitoka hewa kwanza, sauti ikafuata baadaye. Halafu asubuhi zikawa za kukwaruza, na kila dakika anajikohoza kusafisha koo, jambo ambalo lenyewe linagonganisha nyuzi. Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera, akakuta vinundu viwili vinatazamana, kimoja kila upande. Kwa kuwa nyuzi hazifungi sawasawa pale katikati, hewa inavuja, mwimbaji anasukuma zaidi, vinundu vinakua zaidi. Hakupasuliwa. Alipumzishwa kuimba, akafundishwa upya hata namna ya kuongea, na vikapungua. Lakini miezi ilikwenda.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya zoezi lolote, jipime: chukua kipande kifupi cha wimbo rahisi, kiimbe juu kwa sauti ndogo kuliko zote ulizo nazo. Ikichelewa kuanza au ikikatika mahali ambapo jana haikukatika, siku hiyo nyuzi zimevimba, pumzika. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda ukaonwe.

MamaSolfa
Tangawizi na asali vingemsaidia mapema. Na yai bichi.

KooSalama
Mama, unachokimeza kinapita kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na kingezigusa ungepaliwa. Asali inatuliza koo la juu, sawa, kikohozi kinapungua. Yai bichi halifiki kule. Maji pia yananufaisha kwa kupitia damu, kwa hiyo kunywa chupa nzima dakika mbili kabla ya jukwaa ni kujaza kibofu tu. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke.

MamaSolfa
Wazee wameimba na tangawizi miaka yote hiyo.

KooSalama
Wameimba, ndiyo. Sikusema tangawizi inaua sauti. Ila ajihadhari na mlo wa usiku: ukila ukalala hapo hapo, asidi ya tumbo inapanda na kuunguza koo. Acha saa mbili au tatu.

Mpita_Njia
Mbona mnamtesa? Siku hizi pichi inarekebishwa kwa kompyuta. Wasanii wote wanafanya.

FundiMitambo
Auto-Tune ipo tangu 1997 na bado haijamfundisha mtu kuimba. Inasogeza noti kwenye noti iliyo karibu. Ukiwa umekosea kwa zaidi ya nusu ya nusu toni, noti iliyo karibu ni ile isiyo sahihi, inakupeleka huko kwa uaminifu kabisa. Na kukatika haiwezi kukuunganisha.

Mwanagenzi
Nimejaribu hedifoni za waya, sikio moja wazi. Ngoma napatana nayo sasa. Pichi imekuwa afadhali ila mwisho wa mistari mirefu nashuka.

SautiYaTatu
Hiyo ni pumzi. Toa "sss" kwa sekunde ishirini, nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho. Mabega yasipande. Usijaze mapafu mpaka pomoni, maana hewa iliyozidi inataka kutoka yote kwa mkupuo na wewe unaizuia kwa koo. Vuta kiasi cha sentensi moja.

Kinanda
Aimbe kwa kiwambo, basi.

SautiYaTatu
Kiwambo ni msuli wa kuvutia hewa. Ukitoa pumzi kinalegea taratibu. Kinachosimamia kuimba ni mbavu zinazobaki wazi na misuli ya tumbo inayoingia polepole. Ukimwambia mwanafunzi "sukuma kiwambo" atakaza tumbo, na koo litakaza nalo.

Kinanda
Hayo ni maneno tu, walimu wakubwa wanasema kiwambo na wanafunzi wao wanaimba.

Mwanagenzi
Kwa hiyo mwalimu? Au nianze na kwaya nihifadhi fedha?

MamaSolfa
Kwaya.

SautiYaTatu
Mwalimu. Muombe vipindi vya nusu saa badala ya saa nzima, utapata vingi zaidi kwa fedha ile ile. Na kipindi cha kwanza akikupa wimbo kabla hajasikia unapokatikia, tafuta mwingine.

Mpita_Njia
Swali la pembeni: mrija wa chuma unafaa kwa hilo zoezi, au lazima wa plastiki?

KooSalama
Wowote. Kinachobadilisha zoezi ni upana na kina. Ule mwembamba wa kukorogea kahawa ni mgumu sana kwa anayeanza, ukiutumia usiuweke kwenye maji, utolee hewani tu.