Neno "Creole": watu, lugha au kuku wa kienyeji?

Mtafsiri_Nkuhungu:
Habari wakuu. Natafsiri makala yenye neno "Creole" na nimegonga mwamba. Ukurasa mmoja ni lugha ya Haiti, unaofuata ni Wahispania wa Mexico, mwingine mchuzi wa New Orleans. Asili yake ni nini, na niliandikeje? Halafu hapa Dodoma kuna jamaa anashikilia kwamba hata Kiswahili ni krioli. Kweli?

Zabibu_Chungu:
Mkuu, anzia kwenye kitenzi criar cha Kireno na Kihispania: kulea mtoto, na pia kufuga. Ndipo penye crioulo ya Wareno na criollo ya Wahispania, Wafaransa wakasema créole. Maana ya mwanzo ni aliyezaliwa na kulelewa hukohuko kolonini, awe mweupe au mweusi. Mtoto wa Mhispania aliyezaliwa Mexico ni criollo. Aliyeshuka melini kutoka Hispania ni peninsular. Kwa watumwa vilevile: mzaliwa wa kule ni criollo, aliyetoka Afrika juzi ni bozal.

Pwani yetu ilikuwa na jozi hiyohiyo. Mtumwa aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, mgeni kutoka bara aliitwa mjinga.

Na Kolombia hadi leo gallina criolla ni kuku wa kienyeji, huyuhuyu wa kuchinjia mgeni.

Kwenye tafsiri tazama mahali na mwaka. Mexico ya 1810 andika "Wahispania wazaliwa wa Mexico". Ukiweka "Wakrioli" msomaji atafikiria machotara. Mauritius ni tofauti, Wakrioli wa kule ni hasa watu wenye asili ya Afrika. Sierra Leone ni Wakrio. Mchuzi usikuumize kichwa, "wa Kikrioli" yatosha.

Ngeli_za_Kutosha:
Huyo jamaa amedanganywa na wingi wa maneno ya Kiarabu. Krioli ni lugha mpya iliyozaliwa pale watu wa lugha mbalimbali walipokutanishwa, ikawa lugha ya kwanza ya watoto wao. Haipimwi kwa msamiati wa kukopa, tazama sarufi. Kifaransa husema je mange, nous mangeons, ils mangent, kitenzi kinageuka. Haiti ni m ap manje, n ap manje, y ap manje: ninakula, tunakula, wanakula. Manje haisogei, "ap" ndiyo inayobeba wakati. Hata maji, de l'eau, yamekuwa dlo, vipande vimegandana neno moja.

Kiswahili kilifanya kinyume. Kilipokea kitab ya Kiarabu, kikaona "ki" mwanzoni, kikazaa vitabu! Sarufi ya Kibantu imekaa palepale, ndiyo maana mtu/watu inakaa bega kwa bega na munhu/wanhu ya Kigogo.

Ukitaka krioli ya jirani, ipo: Kinubi cha Kibera, Kenya, na Bombo, Uganda. Msamiati wake ni wa Kiarabu, chimbuko lake askari waliotoka Sudan.

Mtafsiri_Nkuhungu:
Na Sheng je? Halafu "krioli ya Haiti" au "Kikrioli cha Haiti"?

Ngeli_za_Kutosha:
Sheng bado inasimama juu ya sarufi ya Kiswahili, si krioli.

Aina ya lugha iandike "krioli", herufi ndogo, wingi hivyohivyo. Lugha yenyewe ni "Kikrioli cha Haiti", maana ina jina na hadhi: katiba ya 1987 iliifanya rasmi pamoja na Kifaransa. Usiiite "Kifaransa kilichovunjika" hata kama makala imeandika hivyo, labda ndani ya alama za kunukuu.